Usianze na Skrubu

Kwako Mumbua, mwaitu,

Hakuna gari imewahi kunishinda. Uliza kutoka hapa Kathonzweni mpaka kule Mbooni kwenye baridi: ikikataa kuwaka, ikitetemeka, ikizimika, ikitoa moshi kama jiko la kanisa siku ya harusi, watu wanasema ipelekwe kwa Mutua. Mutua anainamisha kichwa, anasikiliza kidogo, anagusa mahali pamoja tu, na gari inapona.

Mama yako amepita nyuma yangu na ungo wa ndengu, amesoma hapo juu, na amecheka mpaka ndengu zimemwagika. "Mwambie mtoto ni gari gani hiyo," amesema. "Au ni ile ilivutwa na ng'ombe kutoka mtoni, watoto wa shule wakiimba nyuma?"

Basi. Ni uongo. Gari niliyowahi kumiliki ni moja, hii Kavaluku yetu, na imenishinda tangu mwaka ule nilipoileta nyumbani nikipiga honi. Hata jina hilo la sungura ilipewa na majirani kwa sababu yangu. Walikuwa wakiniona nikifika langoni nikiikanyagia mafuta hapa kidogo, hapa kidogo, ili isizimike, nayo inarukaruka kama sungura aliyetoroka shamba la kunde. Nilijifanya nimependa jina.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na tunalala chini ya mabati mamoja. Wewe sasa uko sokoni unasukwa nywele, na mimi nikikungoja urudi tuongee, najua nitafanya mzaha, utacheka, utaenda kufunga sanduku, na nitabaki na maneno yangu mdomoni. Mdomo wangu umezoea upuuzi. Mkono ni tofauti. Shule niliiacha mapema, kwa hivyo mkono unaandika polepole, na ukienda polepole uongo unachosha.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango, kutafuta kanisa, kutokopesha wenzako, hayo mama yako amekwambia na atakwambia tena ukiwa umeshakaa kwenye kiti. Siyagusi. Mimi nina neno moja tu, na ni la Kavaluku.

Jana niliweka funguo kando ya sahani yako. Ulikula, ukanawa, ukasema asante kwa chakula, ukainuka, ukaiacha pale pale. Hukusema unaitaka na hukusema huitaki. Leo asubuhi bado ilikuwa mezani na nzi juu yake. Kesho unaenda Mutomo, kule Kitui, kuanza kazi ya kutibu mifugo, na mbuzi za kule hazikai stendi zikikungoja. Ziko mbali, huko ndani, mahali boda boda inakupeleka na kusahau kukurudisha. Bila gari utaumia. Na gari mbaya itakuumiza zaidi. Sikulaumu ukiiangalia hiyo funguo kama nge. Baada ya yale ya pale Salama, hata mimi ningeiangalia hivyo.

Wacha niiseme hiyo ya Salama vile ilikuwa, maana mama yako sasa ameongeza lori la pili na juzi kanisani nilisikia kuna basi pia.

Tulikuwa tumeenda kumuaga dada yangu Kanini, shangazi yako, pale Salama anapouzia machungwa kando ya barabara ya Mombasa. Wewe ukiendesha, mimi kando yako nikitoa amri, mama yako nyuma na yule kuku Kanini aliyekupa. Tukitoka kwake, unafika mahali pa kuingia barabara kuu, unapunguza mwendo vile inatakiwa, na Kavaluku inafanya kama kawaida yake: inashuka, inashuka, inatetemeka kama mzee anayeshuka ngazi, inazima. Hilo tulikuwa tumezoea. Lakini pale kuna mteremko kidogo, na gari haikusimama.

"Baba, breki imekuwa ngumu!"

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga! Haishuki!"

Wewe ndiye ulivuta breki ya mkono. Mimi mikono yangu ilikuwa imeshika dashibodi kama mtu anayezuia ukuta usianguke. Pua ya Kavaluku ilikuwa imeshaingia barabarani. Lile lori likapita na honi ambayo bado naisikia nikipiga mswaki. Wa kwanza kuongea alikuwa kuku.

Halafu mama yako, kwa sauti ya chini, ile anayotumia kwa mambo ya matanga: "Mutua. Mtoto wangu haendi Kitui ndani ya hii."

Na mimi nikafanya nini? Nilitoka, nikafungua bonneti, nikachomoa bisbisi yangu mfukoni, nikaizungusha ile skrubu ya kabureta robo mzunguko. Nikawasha. Ikanguruma kwa nguvu. Nikasema, "Sasa iko sawa."

Uliniangalia, mwaitu. Mama yangu mzazi, ambaye una jina lake na ndiyo maana nakuita mwaitu, mama, alikuwa ananiangalia hivyo nikimwambia nimefunga mbuzi wote na yeye anawaona kwa dirisha. Ukasema, "Baba, mbuzi akikonda hatumfungi mto tumboni aonekane amenenepa."

Nilikasirika kutoka Salama mpaka nyumbani. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa natafuta jibu la kuchekesha na sikulipata.

Sasa nikueleze hiyo skrubu, na usiharakishe macho, hapa ndipo kuna kazi.

Ule mngurumo wa chini ambao gari inakaa nao ikiwa imesimama na mguu wako hauko kwa mafuta, mafundi wanauita sailensi. Sailensi ikiwa chini sana, gari inazimika kwa tuta, kwa kona, kwa polisi, mahali popote usipotaka. Na kwa kabureta, pale mafuta yanachanganyika na upepo, kuna skrubu ndogo. Ukiikaza, sailensi inapanda. Ni rahisi hivyo. Ndiyo maana ni mbaya. Mimi niliifahamu hiyo skrubu mwaka wa kwanza, na tangu hapo nilikuwa kama mtu aliyepata dawa ya kichwa na kuacha kuuliza kichwa kinauma kwa nini. Sailensi ikishuka, naikaza. Inakaa sawa mpaka mvua, inashuka, naikaza tena. Kila mara nilishuka kwa gari nikijipangusa mikono, mama yako akiniangalia, na mimi najisikia daktari.

Unakumbuka lile tuta la mbele ya hoteli ya Ndunge? Ulikuwa mdogo, labda unakumbuka kelele tu. Ndunge ni yule mama mjane aliyekuwa anapika chapati nzuri, na nasema nzuri nikijua mama yako atasoma. Tuta lilikuwa mbele ya mlango wake kabisa. Nikitoka kuuza ndengu, napunguza mwendo, Kavaluku inazima hapo. Siku moja, mbili, si kitu. Lakini ilizima hapo msimu mzima. Injini ikishapata joto hivyo ilikuwa haitaki kuwaka mpaka ipoe. Sasa mwanamume atafanya nini akingoja injini ipoe mbele ya hoteli? Ataingia ndani. Atakunywa chai.

Maneno yakafika nyumbani kabla yangu. Mama yako akaniuliza, hana hasira, anapepeta tu: "Leo umepitia wapi?"

Na hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Ningemwambia, gari ilinizimikia na sijui kwa nini. Maneno machache, yote ya kweli. Lakini nilikuwa nimeshamwambia kwamba nimeitengeneza. Mbele ya kaka zake, tena. Kwa hivyo nikasema niliongeza upepo kwa gurudumu. Kesho yake nikasema upepo tena. Asi! Mtu anaongeza upepo kila siku, hiyo ni gari ama ni puto? Niliona ni afadhali mke wangu anishuku na chapati za Ndunge kuliko ajue kwamba injini imenishinda. Nililala kwa kiti siku kadhaa kwa sababu ya sailensi. Mwishowe alinifuata mwenyewe, akapanda gari bila kualikwa, tukaenda mpaka kwa tuta, ikazima na yeye ndani. Alikaa pale, akaangalia mlango wa hoteli, akaniangalia mimi. "Ni hii tu?" akasema. "Mutua, ulikuwa unaficha hii tu?" Kisha akaingia kwa Ndunge akanywa chai, na mimi ndiye nilibaki nje na bonneti.

Hilo sikuambii ili uogope wanaume, ingawa waogope kidogo. Nakuambia kwa sababu utafika kazini na kuna kitu kitakushinda mapema, mbele ya watu waliokuzidi miaka, na utasikia joto kwa shingo, na kutakuwa na skrubu ndogo karibu, ya kukaza tu ionekane sawa. Naijua hiyo joto ya shingo vizuri sana. Ikikupata, sema tu sijui. Inauma mara moja halafu inaisha. Ile nyingine inauma kila tuta.

Nilijaribu na njia zingine, usidhani nilikaa. Fundi mmoja alinibadilishia plagi, ilikuwa inazima na plagi mpya. Mwaka wa vumbi ule, nikasema ni vumbi, nikachukua leso ya mama yako, ile ya maua mekundu, nikaifunga mdomoni mwa eya-klina, pale injini inavutia hewa. Gari ikashindwa kupumua kabisa, na mama yako akatafuta leso yake mpaka Pasaka. Halafu pasta akaja kutuombea nyumba, nikamwambia aombee na gari akiwa bado amepata moto. Akapaka bonneti mafuta ya zeituni, akakemea. Ile siku Kavaluku haikuzima hata mara moja, na kanisa lote likasikia ushuhuda wangu. Jioni nikagundua nilikuwa nimesahau choki ikiwa imevutwa, ile inayopandisha sailensi asubuhi ya baridi. Ushuhuda sikuurudisha. Pasta alikuwa amefurahi sana.

Na kuhusu nyusi zangu. Umekua ukiambiwa nyusi yangu ya kulia iliungua nikimwokoa ndama kwa moto. Hakukuwa na ndama. Fundi wa gereji aliniambia ukitaka kujua mahali injini inavuta upepo wa wizi, ule usiopitia mlango wake, mwagia kitu kidogo kwenye viungo na usikilize kama mngurumo unabadilika. Alisema maji ya sabuni. Mimi nikaona sabuni ni ya nguo, nikatumia petroli, na injini ikiwa moto. Ndama alitokea baadaye, nikisimulia. Kwa hivyo maji ya sabuni, mwaitu. Sabuni tu. Una sura ya mama yangu, nataka ikae na nyusi zote mbili.

Sasa Alhamisi. Ulikuwa hapo, umeinama kando yangu, lakini sidhani uliona kile niliona, kwa sababu wewe ulikuwa unaangalia injini na mimi nilikuwa nakuangalia wewe.

Ulinikataza kugusa skrubu. Uliniambia nikae juu ya mtungi wa plastiki, niweke bisbisi chini, niache injini ipate joto bila kuifanya kitu chochote. Asi, hiyo ilikuwa ngumu kuliko kufunga na kuomba. Kisha ukaniuliza vile unauliza wenye mbuzi: ilianza lini, inakuwa mbaya wakati gani, kuna kitu kingine kilibadilika wakati huo. Hakuna mtu aliwahi kuniuliza Kavaluku hivyo. Nikasema inakuwa mbaya nikisimama. Ukasema, "Ukisimama, ama ukikanyaga breki?"

Nilinyoosha shingo nikaangalia mahali pa kukanyagia breki. Maana nilikuwa nimeendesha hiyo gari miaka yote na sikuwahi kutofautisha hayo mawili.

Ukaingia ndani, gari ikiwa imesimama inanguruma, ukakanyaga breki. Mngurumo ukashuka. Ukaachilia, ukapanda. Ukakanyaga tena, na mimi nikiwa nimeweka kipande cha mpira wa maji sikioni, ncha nyingine naitembeza juu ya injini kama daktari, nikasikia: ssss. Kama nyoka, kama mtu anayeitana kwa siri. Ilikuwa inatoka kwa ile hosi nene inayotoka kwa injini kwenda kwa pipa la breki, ile ambayo injini inavutia upepo ili breki iwe laini. Nikaibana na koleo karibu na injini, ili upepo usipite.

Kavaluku ikapanda. Bila skrubu, bila mafuta, bila pasta. Ikapanda ikanguruma kama siku ya kwanza.

Uliruka, ukanipiga mgongoni. Halafu ukaifuata hosi kwa vidole, ukafika mahali palipoviringwa, peusi, panapoteleza, na ukaacha kucheka.

Ilikuwa blada.

Sikuhitaji kuambiwa ni nani aliifunga. Katika nyumba hii kuna nini hakijafungwa na blada? Mpini wa jembe, bomba la tangi, mguu wa benchi, mlango wa kuku, miwani yangu. Tubu ya baiskeli ikizeeka tunaikatakata vipande virefu na tunatundika msumarini, na kila mtu huku kwetu, ukimwambia kitu kimepasuka, mkono wake unaenda kwa msumari kabla ya kichwa. Babako alinifunza, na babake alimfunza, namaanisha baba yangu na babu yangu, usinicheke, nimeandika haraka. Tunavuta, tunazungusha, tunafunga fundo, tunasema imeshika. Na kweli inashika. Kwa jembe itashika mpaka jembe liishe.

Ile hosi ilipasuka mwaka ule wa kwanza, nikitoka Kitui na gunia za ndengu, jua kali, hakuna duka karibu. Nikaifunga. Nikajiambia ni ya kufika nyumbani tu. Nikafika. Nikala. Nikasahau. Mpira huo ukikaa kwenye joto la injini na mafuta unalegea, unakuwa kama chingamu, na upepo ukapata mlango. Mlango ulivyokuwa unapanuka, sailensi ilikuwa inashuka, na mimi nikawa nakaza skrubu. Na kila upepo uliopita pale ulikuwa ni nguvu ya breki inayopotea. Ugonjwa ulikuwa mmoja. Gari ilikuwa inaniambia kwa njia moja tu iliyokuwa nayo, inazima, inazima, na mimi nilikuwa naongeza sauti ili nisisikie.

Hukunisema. Ningependa ungenisema. Ulishika kile kipande kinachoteleza, ukakitupa, ukasema, "Twende mjini Wote tutafute hosi," na njia yote ukaangalia dirishani. Nilijua unaangalia nini. Ulikuwa unaangalia lile lori.

Mimi pia naliangalia, mwaitu. Nikifumba macho liko hapo. Naona mama yako nyuma na kuku.

Siku hizi nafikiria sana hiyo blada. Kuifunga haikuwa kosa. Ningebaki pale njiani, ndengu zingenyeshewa, na karo yako ya muhula ule ilikuwa ndani ya hizo gunia. Utafunga vitu na blada Mutomo, kila mtu anafunga, maisha hayangoji duka lifunguliwe. Kosa langu lilikuwa kufika nyumbani na kusahau kwamba nimefunga. Kuna watu pia nimewafunga hivyo. Kaka yangu wa Mbooni, tuligombana kwa mpaka wa shamba, tukashikana mikono kwenye matanga ya mama kwa sababu watu walikuwa wanaangalia, na nikajiambia imeshika. Hatujaongea tena mpaka leo. Nikisikia jina lake nakohoa na kubadilisha hadithi. Nimeamua nitapanda huko juu baada ya wewe kwenda, miguu yangu ikikubali ile njia. Usimwambie mama yako. Atanipa zawadi ya kubeba na ni mlima.

Turudi kwa gari, maana najua utarukia hapa.

Hosi mpya ni nzito na nimeibana kwa klipu za chuma pande zote mbili. Lakini hiyo uliiona. Kile hukuona ni jana asubuhi ukiwa kanisani. Niliwasha Kavaluku, na kwa vile hakuna upepo wa wizi tena, ikanguruma kwa kelele kubwa hata mbwa akaingia chini ya ghala. Ilikuwa ni skrubu. Nilikuwa nimeikaza miaka yote hiyo kupigana na tundu, sasa tundu halipo na skrubu bado inapigana. Basi nikachukua bisbisi na kuirudisha. Robo, nikangoja, nikasikiliza. Robo tena. Ile ya Salama. Ile ya mvua iliyopita. Ile ya siku ulipomaliza chuo, nilipotaka isizimike mbele ya walimu wako. Ile ya tuta la Ndunge ilikuwa ndani kabisa. Nilikuwa na haya kidogo, peke yangu pale, mzee anafungua ujinga wake mmoja mmoja. Halafu ikatulia. Sijawahi kuisikia ikitulia hivyo. Nilikaa juu ya mtungi na kuisikiliza mpaka mama yako akatoka kanisani akaniuliza kama nimekufa.

Siwezi kukuahidi kwamba ni nzima. Niliwahi kuahidi, ulikuwa ndani. Ninachoweza ni kukuachia njia ya kujua mwenyewe bila kuniamini. Iache ipate joto kwanza, usiihukumu ikiwa baridi. Washa taa, kanyaga breki, usikilize: ikishuka kidogo na kutulia, ni kawaida ya uzee, ikishuka na kutetemeka, tafuta ssss. Na ukitaka kujua breki, zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka iwe ngumu, uendelee kukanyaga na uwashe. Mguu wako ukizama kidogo, hosi inafanya kazi. Mguu ukikaa pale pale, toka ndani ya hiyo gari, hata kama umechelewa, hata kama mkubwa wako anapiga simu, hata kama mbuzi wa chifu anazaa.

Skrubu iwe ya mwisho kabisa.

Na kama kesho utaamua kuiacha, iache. Sanduku lako nitalibeba mpaka stendi, na sitasema neno, au nitasema machache. Nataka ufike. Ukifika bila Kavaluku umefika tu.

Ngoja.

Umerudi. Nimesikia lango. Nimesikia mama yako akisifu nywele, na wewe ukisema zinavuta. Nilifikiri utaingia ndani nikaficha hii karatasi chini ya Biblia, lakini hukuingia. Sasa nasikia mlango wa Kavaluku, ule unaolia. Nimeangalia mezani. Funguo haipo. Hata sijui uliichukua saa ngapi, na mimi nimekaa hapa mbele yake mchana kutwa.

Umewasha. Umeiacha. Hukanyagi mafuta. Nataka kutoka nikuambie ungoje ipate joto, nimeinuka, na mama yako mlangoni ameniwekea mkono kifuani. "Kaa, Mutua. Mwache." Nimekaa.

Sasa umewasha taa, naona kuta za ghala zimepata rangi. Sasa breki. Imeshuka kidogo. Imetulia. Umeachilia, umekanyaga tena, umekanyaga muda mrefu, na imekaa pale pale, mm, mm, mm, kama mtu mzima anayesikiliza habari ndefu bila kukatiza. Umezima mwenyewe, kwa funguo. Umekanyaga, umekanyaga. Umewasha. Nafikiri unasikiliza mguu wako. Halafu nimesikia ukisema, si kwa mtu, kwa gari tu: "Haya, Kavaluku. Tutaona."

Mama yako anajifuta macho na kusema ni vumbi la ndengu.

Sasa unasogeza kiti mbele, maana miguu yangu ni mirefu kuliko yako, na nimesikia sanduku likiingia nyuma. Basi. Nimalize kabla hujaingia na kunikuta hivi.

Kuna kitu kimoja unanidai, la, ni mimi nakudai. Tangu Krismasi uliahidi kunikata hizi nywele za masikio. Ulisema zinaonekana kama nyasi kwenye bomba, ukacheka, ukasema kesho, na kesho ikawa mavuno. Mama yako hataki kuzigusa, anasema nilizaa mtoto wa nini. Kesho usianze na chai. Njoo na makasi nje, kwenye mwanga, unikate. Maana ukifika pale juu, mahali njia yetu inaingia barabara kubwa, itabidi usimame, na kutoka hapa uani siwezi kuona, kuna kile kichaka. Nitasikia tu. Nataka niisikie ikiwa imesimama pale, inangoja, haizimi, halafu niisikie ikienda.

Anza na sikio la kushoto. Ndilo linaelekea barabarani.

Baba yako,
Mutua